Sweta la Mjomba Severini

Wanaosema Judith hana adabu waende kwanza wakakae kwenye fremu yake saa saba mchana, mwezi wa Januari. Waende tu, wakae hata nusu saa, halafu waje tuzungumze habari za adabu. Fremu yenyewe, chumba kimoja cha biashara, ipo nyuma ya soko, hapo hapo Morogoro mjini: bati juu, dari hakuna, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Milima unaiona ukitoka nje, imekaa pale na mawingu yake na ubaridi wake, na hata chembe ya ubaridi huo haikufikii.

Humo ndimo Judith anahariri video. Harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, misiba. Ana miaka thelathini na mbili, na kazi hiyo anaifanya mwaka wa tisa sasa. Maneno mengi hana. Mteja akimwambia amfanye awe mweupe kidogo kwenye video, anamuuliza kama ni harusi yake au ya mtu mwingine. Lakini kazi yake inajulikana, na kina mama wa jumuiya wanapotaka video inayotazamika wanakwenda kwake.

Kompyuta anayofanyia kazi alipewa na mjomba, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye sauti. Baba ana mapenzi yake na ushauri wake, ila neno la mwisho si lake. Sasa mjomba wa Judith ni Severini, fundi wa huko juu Kinole, mtu wa miaka hamsini na tisa. Alianza na redio za kaseti, akaenda kwenye televisheni, akafika kwenye kompyuta, vyote kwa kujifundisha mwenyewe, na kila alichojifundisha amekisimulia mpaka ukoo mzima umechoka. Ndugu walichanga baada ya kuuza mdalasini na pilipili manga, Severini akanunua vipuri, akaiunga kompyuta kwa mikono yake, na mwezi wa Julai akaishusha mjini.

"Nimeitia kasi ambayo mjini hapa hakuna aliyenayo," alisema siku ile, akiipigapiga mgongoni. "Kiwandani waliiacha inatembea. Mimi nimeifundisha kukimbia."

Judith alidhani ni majigambo yake ya siku zote. Akasema asante mjomba, akapiga goti kidogo, akaendelea na kazi. Na kweli mashine ilikimbia Julai, ikakimbia Agosti na Septemba.

Oktoba joto lilipoanza, mashine nayo ikaanza vituko. Unahariri vizuri, mara picha inastaki, haisogei, mara skrini ya bluu, mara giza kabisa na kazi ya asubuhi nzima imepotea. Kazi ndogo ndogo zilipita. Lakini ile ya mwisho, ya kuunganisha picha zote ziwe filamu moja, inataka mashine ikimbie kwa muda wa saa tano bila kupumua. Mwenye nyumba anafungua geti saa mbili asubuhi na kulifunga saa mbili usiku, kwa hiyo Judith alikuwa akianza asubuhi geti likifunguliwa tu, na kila siku, ikikaribia saa sita, paa! Imezima.

Akampigia mjomba. Mjomba akashuka, kama wanavyoshuka watu wa kule wote: na Kanta ya Tomasi, lori dogo linalobeba ndizi na machungwa na kuondoka Kinole saa kumi alfajiri. Mzigo ukishashushwa sokoni, watu wanafanya shida zao, na saa nne kamili Tomasi anapiga honi, wanapanda, wanarudi. Severini alifika kavaa sweta lake la sufu, la kahawia, limefungwa vifungo mpaka shingoni kwa sababu ya baridi ya njiani. Akafungua mashine, akapuliza vumbi, akaiwasha. Ikafanya kazi bila shida yoyote.

"Vumbi," akasema. "Hufagii humu?"

Saa nne akaondoka. Saa sita kasoro mashine ikazima.

Alikuja mara ya pili, akachomoa kumbukumbu ya mashine, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Nzima. Mara ya tatu akafuta kila kitu, akapiga windo upya, na humo Judith akapoteza harusi mbili. Mara ya nne akalaumu umeme wa mjini, akamnunulisha steblaiza ya kuutuliza. Kila mara asubuhi mashine inamtazama mjomba kama mtoto mtiifu, na kila mara saa nne honi inalia. Alipoichukua kwenda nayo Kinole wiki nzima ndiyo mambo yakaharibika kabisa, maana kule kwenye migomba, mlango wazi na ukungu unaingia mpaka sebuleni, ile mashine ilifanya kazi kutwa kucha na wala haikupepesa.

"Kwangu haizimi," mjomba akatangaza, na akawatangazia wote. "Inazima kwake. Basi tatizo si mashine, tatizo ni mkono."

Mkono! Neno hilo lilimfikia Judith siku hiyo hiyo. Akataka kumjibu, na maneno alikuwa nayo, ya kutosha kumvua mtu nguo, lakini mpwa hamkosoi mjomba usoni. Malalamiko yanapita kwa mama. Akampigia mama yake, Mama Scholastika, naye yuko Kinole vilevile, nyumba ya tatu kutoka kwa kaka yake.

"Mama, mjomba anakosea. Nadhani ni joto la humu."

"Mjomba wako hajakosea kwenye mambo ya mashine tangu nimjue," mama akasema. "Punguza kisirani, mwanangu. Na hilo joto unalolisema, wenzako mjini hawalioni?"

Wenzake walikuwa wakiliona. Jirani yake Hafidhi, fundi wa simu, mtu mzima mwenye wake wawili na subira ya kuwatosha wote, ndiye aliyekuja siku moja na programu ndogo ya kupimia joto, akaiweka, wakakaa wakitazama namba. Saa mbili asubuhi prosesa, ule ubongo wa mashine, ilikuwa nyuzi sabini na kidogo. Saa tano, tisini. Saa sita ilipogonga tisini na tisa, giza.

"Dada Judith," Hafidhi akasema, "hii prosesa inakimbizwa kupita mwendo iliotoka nao kiwandani. Kwenye baridi itavumilia. Humu ndani unaichoma. Nani kaichokonoa?"

Wakaiwasha tena wairudishe mwendo wake. Wakaingia kule ndani kwenye mipangilio ya mashine, wakakuta imefungwa kwa nywila. Judith akampigia mjomba papo hapo.

"Nywila ya nini?" mjomba akafoka. "Nani kakuingiza huko? Nilifunga makusudi, vifundi uchwara vya mjini visije vikaniharibia."

"Mjomba, shikamoo, tunaomba tu tupunguze..."

"Hakuna kupunguza!" Na akakata simu.

Judith akajaribu yote anayoweza kujaribu mtu. Akafungua ubavu wa mashine, akaielekezea feni kubwa. Feni ikapuliza hewa ya moto. Akatundika khanga mbichi dirishani. Akaikata filamu vipande vifupi. Vipande vikatoka, na siku ya kuviunganisha ikazima. Na filamu yenyewe haikuwa ya mchezo: jubilei ya miaka hamsini ya utawa ya Sista Yustina, watu wa parokia nzima wamo, na inatakiwa kuonyeshwa ukumbini Jumapili.

Jumatano mama akapiga simu, sauti imekuwa ya baridi.

"Kikao cha ukoo kimekaa," akasema. "Filamu ya Sista isipotoka mpaka Ijumaa, mashine inapanda huku. Atapewa Rogers."

Rogers ni binamu yake, mtoto wa dada mwingine wa Severini, ambaye kazi yake ya kompyuta mpaka leo ni kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi. "Nani kasema hivyo?" Judith akauliza, ingawa alijua.

"Mjomba wako kasema. Kama inakataa kwako, iende inakokubali. Au iletwe huku aitoe yeye hiyo filamu."

Judith akaelewa vizuri. Filamu ikitokea Kinole, mashine haishuki tena. Na bila mashine fremu ni ya nini? Arudi kupalilia mdalasini? Alikaa kwenye stuli mpaka mwenye nyumba akagonga geti apate kufunga, amekasirika hivi kwamba hata kulia alishindwa.

Ijumaa asubuhi mjomba akaja kuchukua. Sweta, vifungo mpaka shingoni, na kipande cha kamba ya kufungia mzigo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zima hicho kitu."

"Nimeianzisha sasa hivi mjomba, geti lilipofunguliwa. Kaa unywe chai kwanza, ili hata ikizima uwe umeshuhudia mwenyewe."

Akamwekea chai na chapati, akamketisha kwenye kiti cha wateja, kisha akatoka kama anayekwenda kununua maji. Akamkuta Tomasi sokoni anakunja turubai, abiria wengine wameshapanda. "Kaka Tomasi," akamwambia, "mjomba anasema leo analala mjini. Usimngoje." Aliusema uongo huo bila kupepesa macho, na mimi simlaumu.

Saa nne mjomba akatega sikio. Honi haikulia. Akatoka, akaenda sokoni kuuliza, akarudi uso umemvimba.

"Tomasi kaniacha! Eti nimesema nalala! Nani kasema?"

"Mimi," Judith akajibu.

"Wewe?"

"Mimi, mjomba. Gari lingine la Kinole ni saa tisa. Karibu ukae."

Ebo! Maneno yaliyomtoka mzee yule siyaandiki hapa. Alimwita mchawi, akamwita mtoto wa kuokotwa, akasema ataitisha kikao kingine kumhusu yeye tu, akasema siku yeye atakapokufa, Judith asisogelee kaburi lake. Hafidhi kule jirani alizima redio asikie vizuri. Judith alikaa kwenye stuli yake, mikono mapajani, akamtazama mjomba wake jinsi anavyotazama picha inayokaribia kustaki.

Saa tano ilipofika, bati likaanza kulia kwa jua. Mjomba akaacha kutukana ili avute pumzi. Akafungua kifungo kimoja.

"Vua sweta mjomba," Judith akasema.

"Sina haja."

Jasho likamtiririka mashavuni, likaingia kwenye kola. Akajipepea kwa sahani ya chapati. Akaomba maji, akapewa, akaomba mengine. Kwenye skrini namba ilikuwa tisini na tatu. Alijifanya haioni, lakini fundi ni fundi, macho yalikuwa yanakwenda pale yenyewe. Tisini na tano. Akafungua vifungo vyote, ila sweta akabaki nalo. Tisini na nane. Mashine ikaanza kuunguruma, na mjomba akainuka nusu, mkono mbele, kama anataka kuishika isianguke.

Giza.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Mashine ilikuwa haijaguswa na mtu tangu asubuhi, si kwa mkono wa Judith wala wa mtu mwingine, na mjomba alikuwa amekaa hapo akiitazama muda wote. Aliweka kiganja ubavuni mwa mashine, akakiondoa haraka. Akakitazama kile kiganja. Halafu polepole sana akavua sweta, mkono mmoja, mkono wa pili, akabaki na singlendi iliyoloa mgongo mzima.

"Miezi yote hii unakaa humu?" akauliza.

"Nakaa humu."

Hakuomba radhi. Tusidanganyane, hakuomba. Alivuta kiti, akasubiri ipoe, akaiwasha, akaandika nywila akiwa ameificha kibodi kwa mgongo wake, akairudisha prosesa kwenye mwendo wa kiwandani. Kisha akaifuta nywila kabisa. Saa saba Judith akaianzisha filamu upya. Ilikwenda taratibu, na namba ikasimama kwenye themanini na nne, ikagoma kupanda. Gari la saa tisa liliondoka, mjomba hakulitaja. Alikaa na singlendi yake, akimeza maji, akitazama skrini, na wakati mwingine akikuna goti. Saa moja jioni filamu ikatoka, nzima, Sista Yustina anakata keki na watu wanapiga vigelegele.

Simu ikaita wakati huo huo. Mama. Judith akaweka sauti ya nje, akailaza mezani.

"Judith, kaka yuko hapo? Tomasi kasema kabaki. Kaka, mashine utapanda nayo kesho? Rogers keshasafisha meza."

Mjomba alimtazama Judith. Ilikuwa rahisi kwa Judith kumsaidia. Angeweza kusema vumbi, angeweza kusema umeme, mama angeamini na mzee angerudi Kinole na heshima yake. Judith hakufungua mdomo.

"Mashine haitoki hapa," mjomba akasema. "Filamu imetoka. Rogers aendelee na flashi zake."

"Ee? Kwani ilikuwa na nini?"

Mjomba akalikunja sweta magotini, akalikunjua.

"Ilikuwa na mimi," akasema chinichini.

"Sikusikii kaka, mtandao unakata. Unasema ilikuwa na nini?"

Judith akaichukua simu mezani, akaisogeza mpaka karibu na mdomo wa mjomba wake, akaishikilia hapo.