Shemeji na Mashine ya Waya

Kaka mkubwa wa mke wangu alianza kuchomelea vyuma kabla mimi sijaota ndevu. Kazi hiyo aliipatia kwenye karakana za reli, na walipopunguzwa wafanyakazi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mke wangu alinisumbua jioni baada ya jioni hadi nikaenda kumwombea nafasi pale nilipokuwa nikifanya kazi. Ilikuwa karakana ya Industrial Area, upande unaopakana na Mukuru, tukitengeneza matangi ya maji, matrela na madawati ya shule. Alichukuliwa siku hiyo hiyo. Laiti ningejua!

Wakati huo tajiri wetu alikuwa amenunua mashine ya waya. Sisi sote tulikuwa watu wa stiki, vile vijiti vya chuma unavyovishika kwa koleo na kuvigusisha kwenye chuma unachounga. Mashine hii haikutaka vijiti. Ndani yake mlikuwa na waya mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu. Ukibonyeza kile kishikio tulichokiita bunduki, waya unatoka wenyewe, na gesi ya mtungini inatoka pamoja nao kuifukuza hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka. Fundi aliyeileta alinifundisha mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa nimesimama karibu. Msimamizi akaniambia niwafundishe wenzangu, na wenzangu wakajifunza. Shemeji hakujifunza.

Ningemfanya nini? Kwetu kaka wa mke hakaripiwi, tena mkubwa, tena yule aliyekuwa msemaji wa upande wao siku ya posa. Kila nilipotaka kufungua kinywa nilimwona amekaa kwenye kiti chake siku ile ya posa, akiniuliza kama naweza kumtunza dada yake.

Tulianza na kazi rahisi kabisa, vipande viwili vya bati nene vimelazwa mezani, kimoja kimepanda juu ya kingine.

"Shemeji, elekeza waya kwenye bati la chini," nilimwambia. "Ukingo wa lile la juu unayeyuka upesi, moto utaula."

"Chuma ni chuma," alisema.

Kisha akaukwangua waya kwenye bati kama mtu anayewasha kiberiti. Stiki ndiyo huwashwa hivyo. Waya hujiwasha. Hilo lilikuwa dogo. Lakini stiki hupungua inapoungua, kwa hiyo mkono wa mtu wa stiki umezoea kuifuata polepole kuelekea chumani. Mkono wa shemeji ulifuata vilevile, ingawa waya haupungui, hadi mdomo wa bunduki ukaingia ndani ya chuma kilichoyeyuka na kukwama humo. Waya, ukikosa pa kutokea, ukajikunja ndani ya mashine kama sweta lililofumuka. Nikafungua mfuniko, nikakata, nikafumua, nikapitisha waya upya. Nilipomaliza nilimkuta anagonga kiungo kwa nyundo ndogo.

"Unagonga nini, shemeji?"

"Natoa magamba."

"Magamba ni ya stiki. Waya hauna magamba."

Alitazama, akaona kweli hayapo, akaendelea kugonga.

Kilichonimaliza hasa ni chuma kilichosimama. Bati nene likisimama wima unaanzia chini na kupanda, unapunguza mwendo wa waya, unatulia kidogo huku na kidogo huku ili moto uingie pande zote mbili. Ni kazi ya subira na haipendezi macho. Shemeji alianzia juu akateremka, akatoa mshono laini kama pindo la sare ya shule. Mafundi wakaja kuutazama. Mmoja, kijana wa Eastleigh, akapiga mluzi.

"Mzee, hii ni fiti!"

Nilikata kipande kidogo cha kazi hiyo, nikakibana kwenye jiliwa, nikakipiga nyundo mara moja. Kikafunguka kama ganda la njugu. Chuma kilikuwa kimejipaka juu tu, ndani hakikuingia. Nikampa akione. Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Umegonga vibaya," alisema.

Jumapili ile alikuja kula kwetu Shauri Moyo baada ya kanisa. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia katikati, hivyo hapakuwa na mahali pa kumkimbia.

"Mume wako ananifundisha kushika bunduki kama mimi mtoto," alimwambia dada yake huku akimega ugali.

"Baba watoto, si umwache afanye anavyojua?"

"Na tangi likivuja?"

"Ataliziba," alisema mke wangu, akamwongezea mboga.

Nililala na hasira na nikaamka nayo.

Ndipo likaja tangi la shule moja, kubwa, la pembe nne. Mchoro ulionyesha mfuniko ukikaa ndani ya kuta, uchomelewe kutoka ndani. Maana yake ni mtu aingie tangini, alale chali, achomelee juu ya uso wake mwenyewe.

"Shemeji, huu mfuniko tuufanye mkubwa kidogo," aliniambia. "Ukae juu ya kuta kama sinia juu ya sufuria. Tuchomelee nje, mtu amesimama kama binadamu."

"Mchoro unasema ndani."

"Aliyechora ataingia yeye?"

Hilo ndilo lililonitoa moshi. Mtu asiyekubali kuambiwa bunduki ishikwe vipi, leo anataka kubadilisha mchoro! Nilitandika gunia, nikapita kwenye tundu la ubavuni, nikalala.

Kuchomelea juu yako si mchezo. Unapunguza moto na waya, unaisogeza bunduki karibu, unakwenda upesi kwa hatua ndogo, la sivyo chuma kinakuchuruzikia. Cheche ziliingia kolani, moja ikaingia sikioni. Lakini mshono ulikaa, na kwa vile shemeji alikuwa nje akinisubiri nishindwe, sikutaka kutoka kupumzika. Tulikuwa na feni ya kupitisha hewa. Nilikuwa nimeizima, maana ilipeperusha gesi na mshono ukatoka na vitundu kama mandazi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba gesi inayoifukuza hewa kwenye chuma humfukuzia mtu pia hewa yake. Tena ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, pale pale nilipolala. Kichwa kilianza kugonga. Nikadhani ni hasira. Halafu nikaona usingizi mtamu sana, nikasema nifumbe macho kidogo.

Mengine niliambiwa. Chai ilipoletwa shemeji aliniita, sikuitika. Akadhani nimenuna, na alikuwa na haki ya kudhani hivyo. Akaita tena. Kisha akainama tunduni, akaona viatu vyangu havitikisiki. Alizuia pumzi, akaingiza mikono, akanishika vifundo vya miguu na kunivuta kama gunia la makaa. Ukingo wa tundu ulinichuna mgongo mzima.

Nilizinduka uani, maji usoni, shemeji akinipiga makofi.

"Ningemwambia nini dada yangu?" alikuwa akisema. "Ningemwambia nini?"

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia asante. Nilikuwa natafuta sauti, naye akaona nimefumbua macho.

"Si nilikwambia mfuniko ukae juu?"

Nikamwachia mkono.

Msimamizi alinirudisha nyumbani nikapumzike. Sehemu iliyobaki shemeji aliimaliza mwenyewe, kwa stiki, kutoka nje, amesimama kama binadamu. Tangi lilijazwa maji, halikuvuja upande wangu wala upande wake. Tangu siku hiyo mifuniko yetu ilikaa juu ya kuta, na aliyelazimika kuingia ndani aliachiwa feni na mtu wa kumwangalia. Mashine ya waya shemeji hakuizoea. Baadaye alihamia Gikomba, akafungua kibanda chake cha stiki, na wateja hakuwakosa.

Kilichobaki ni hadithi. Aliisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za ubatizo. Mara ya kwanza alinivuta miguu. Baada ya muda akawa ameingia tangini mzima mzima. Halafu tangi likawa refu kama nyumba ya ghorofa, na mimi nikawa nalia nikimwita mama. Niliketi pale na sahani yangu, kila mtu akinigeukia kunitazama.

Siku moja, kwao, shangazi yao mzee alinisogelea baada ya kumsikiliza.

"Mkwe, ni kweli alikutoa humo?"

"Ni kweli, shangazi."

"Na moto ulikuwa unawaka?"

Hapakuwa na moto. Shemeji alikuwa ng'ambo ya chumba, kikombe mkononi, ananingoja. Mke wangu naye alikuwa ananitazama.

"Ulikuwa unawaka," nikasema.