Tisini na Moja

Nilimpokonya mwalimu fimbo mbele ya darasa zima nikamchapa nayo mkononi, mara moja, kwa nguvu zangu zote. Ikakatika. Watoto wakapiga yowe.

"Mama, una wazimu?" mwalimu akauliza, ameukumbatia mkono wake.

"Leo ninao. Jana sikuwa nao."

Jana yake binti yangu alirudi vidole vimevimba hata kijiko hakishikiki. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, akaitia na tisini na moja. Mtoto akasema hiyo siyo, inagawanyika kwa saba. Mwalimu akamjibu kwamba haigawanyiki kwa mbili, wala tatu, wala tano, basi ni tasa. Mtoto akarudia. Akachapwa. Akaambiwa akiri. Akakataa, akachapwa tena, vidoleni, mkono ule ule anaoandikia.

Mimi nabangua korosho, nauza stendi ya Newala. Yeye ndiye hufunga vifuko, korosho saba saba, na zinazobaki ni za kwake kula. Tisini na moja anaichukia: vifuko kumi na tatu, habaki na hata moja ya kutia mdomoni.

Asubuhi nilikwenda kwa adabu. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Nikampangia korosho tisini na moja mezani, saba saba, mpaka zikaisha.

"Mama, hili ni darasa, siyo gulio," akasema, akazikumba zote sakafuni. Kisha akamwita binti yangu mbele. "Haya, waambie wenzako. Tisini na moja ni namba gani?"

Mtoto akajibu: "Ni saba mara kumi na tatu."

Fimbo ikapanda juu. Mbele ya macho yangu! Hapo ndipo nilipoirukia.

Mwalimu mkuu akaja mbio. "Yaishe, mama. Na wewe umempiga, mmelipana."

"Vidole vya mtoto vimelipwa na nani?"

Nyumbani mtoto aliniambia harudi shule ile akiwepo mwalimu yule. Nikaenda kwa ofisa elimu wa kata. Akasoma malalamiko niliyoyaandika, akataka nifute habari za hesabu na za mimi kumpiga mwalimu. Nilikataa. Akayapokea kama yalivyo:

"Mwalimu alimchapa mwanangu vidoleni kwa kusema tisini na moja si namba tasa. Si tasa. Ni saba mara kumi na tatu. Mimi nilimchapa mwalimu, sikatai, niiteni nijibu. Naomba aondolewe darasa lile, mwanangu arudi kusoma, na asipigwe tena ili aseme uongo."