Sahani ya Kijani

Mie kwenye vyombo sina masihara. Mtu akija kwangu Mbagala akataka kunisaidia kuosha, kwanza namwangalia mikono. Glasi zinatangulia, zinafuata vikombe na vijiko, ndipo sahani, halafu mabakuli yaliyokaa mchuzi. Sufuria ni za mwisho, na hazigusi beseni kabisa. Zinasuguliwa chini, pembeni, kwa stili waya na majivu mpaka masizi yaachie. Mabeseni ni matatu: la sabuni, la kusuuza, na la kusuuza tena. Siku tuliyokula samaki, hilo la tatu nalikamulia ndimu, maana shombo ukiipuuza leo, kesho utainywa kwenye chai. Na nasugulia dodoki. Sponji siipendi, inalala na uchafu wa jana ndani yake halafu watu wanajidai wameosha.

Mume wangu hunitania kwamba mgeni wetu anatakiwa asome dua kabla ya kurudisha kikombe jikoni. Acha anitanie. Mama yetu alitulea Temeke, nyumba ya kupanga, wapangaji saba uani, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kusemwa kwamba chumbani kwake kuna vyombo vinanuka. Huo woga nimeurithi wote, sijamwachia mwenzangu hata kidogo.

Chini ya kila sahani yangu kuna doa la rangi ya kucha, jekundu. Mtaani kukiwa na harusi au msiba, vyombo vinaazimwa nyumba hadi nyumba, na shughuli ikiisha vinalundikwa uani lundo moja. Kama hujaweka alama utarudi na sahani za watu, na zako hutaziona tena. Doa jekundu maana yake hiki ni cha kwangu, kirudi nyumbani.

Mwenzangu niliyemtaja ni mdogo wangu wa kiume. Kwa mama tulizaliwa wawili tu. Alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya mbao Mikocheni, amepanga chumba hukohuko, na kila Ijumaa alikuwa anakuja kwangu kula. Tulikuwa tunapakua sinia moja, mie, mume wangu, binti yangu na yeye, na yeye ndiye aliyekuwa akimsogezea mtoto mapande ya nyama upande wake. Ijumaa moja alikuja anakohoa. Iliyofuata anakohoa vilevile, na shati linampwaya. Nikamshika mkono mpaka kituo cha afya kama mtoto mdogo, wakampima, wakasema kifua kikuu.

Nikasema hakuna kurudi Mikocheni, unahamia kwangu.

Nesi alinikalisha chini na kunieleza kwa lugha nyepesi kabisa. "Mama, huu ugonjwa unapita kwenye hewa, haupiti kwenye vyombo. Afunike mdomo akikohoa, fungua madirisha ya chumba chake, na dawa asiruke hata siku moja. Akishameza wiki kadhaa hatakuwa anaambukiza tena. Dozi ni miezi sita." Nikaitikia, "Sawa nesi, nimekuelewa." Nikatoka hapo, nikapitia dukani, nikanunua sahani ya bati ya kijani, bakuli lake na kikombe chake.

Doa jekundu sikuitia. Niliona haina haja, maana haikuwa inakwenda kokote.

Nilimpenda mdogo wangu, hilo naweza kuliapia. Nilimpikia supu ya makongoro, nikamkorogea uji wa ulezi, nikawa namsimamia asubuhi mpaka kidonge cha mwisho kipite kooni. Lakini vyombo vyake vilikuwa na beseni lao, la nne, lile la bluu lililopasuka ukingo. Viliingia humo peke yake, mwisho wa vyote, kwa maji ya moto, na nikavianika kwenye kona ya kichanja mbali na vingine. Sinia nalo likaisha kwake. Sie tunakula mkekani, yeye anawekewa sahani yake kwenye stuli karibu na mlango. Na yale madirisha, ambayo ndiyo nesi aliyoyasema, nikayafunga kwa sababu ya vumbi la barabara.

Mume wangu aliniuliza mara moja tu. "Si nesi alisema vyombo havina shida?"

"Nesi ndiye anayeosha vyombo vyangu?" nikamjibu.

Mdogo wangu mwenyewe hakuuliza. Akimaliza kula alikuwa anabeba sahani yake mpaka kwenye lile beseni la bluu, anaiweka taratibu isigonge, anarudi kukaa. Nami nilikuwa namsifu moyoni, nasema mdogo wangu ana akili, anaelewa.

Miezi sita ikaisha. Akarudi kutoka kituoni na karatasi mkononi, uso umejaa, amenenepa, anacheka. "Dada, nimepona. Wameandika hapa." Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kulikoni. Nikasema leo pilau, na pilau likapikwa kweli, harufu imejaa mtaa mzima. Nikapakua sinia. Halafu nikachukua sahani ya kijani, nikampakulia yeye.

Wallahi mkono ulikwenda wenyewe. Aliiangalia ile sahani, akaikunja karatasi yake akaitia mfuko wa shati, akasema Bismillahi, akala.

Tulipomaliza, binti yangu alikusanya vyombo. Alikuwa na miaka kumi na moja, na siku hiyo furaha ya mjomba wake ilikuwa imemwingia mwilini, anaosha huku anaimba. Nilikuwa mlango wa jikoni nafuta meza nilipomwona anachukua sahani ya kijani na kuizamisha kwenye beseni kubwa, katikati ya glasi na sahani zetu zote.

"Weee! Toa hiyo!"

Mtoto aliruka, kikombe kikamponyoka. Nikatoka mbio, nikamwaga beseni la kwanza, nikamwaga la pili, nikamwaga la tatu. Nikamwambia arudie vyote, kimoja kimoja, na maji ya moto. Wiki hiyo bomba lilikuwa halitoi, maji tunayafuata kisimani kwa jirani na kuyabeba kwa madumu, na mie nimeyamwaga yote uani, yanatiririka mpaka kwenye miguu ya kichanja.

Binti yangu akaniangalia, sauti imeshuka. "Mama, si mjomba kapona?"

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mlangoni, karatasi bado iko mfukoni inachungulia.

Alipita pembeni yangu, akachukua madumu mawili, akaenda kisimani. Akarudi, akayamimina kwenye mabeseni polepole yasiruke. Akaenda tena, akarudi. Alibeba mwenyewe maji ya kuoshea vyombo vilivyoguswa na sahani yake. Alipomaliza akamwambia mtoto, "Haya mama, osha."

Palikuwa na nafasi hapo ya kusema kitu. Mie nina mdomo, mtaa mzima unanijua, sijawahi kushindwa na mtu kwa maneno. Nilichosema ni, "Sabuni iko dirishani."

Baada ya wiki moja akaniaga. Amepata fundi wa kufanya naye kazi Kigamboni, na chumba hukohuko. Alifunga nguo zake kwenye begi, halafu akaenda kwenye kona ya kichanja akachukua sahani, bakuli na kikombe. "Hivi vyangu naondoka navyo, dada." Nikasema chukua, ni vyako. Na nitasema kweli maana nimeamua kusema: niliposhika lile beseni la bluu na kwenda kulitupa, nilijisikia nimepumzika.

Ilipita miezi mitatu ndipo nikaenda kumwona. Nilivuka na kivuko asubuhi, nimebeba vitumbua kwenye hotpoti. Chumba chake kilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, kitanda kimetandikwa, na dirisha liko wazi lote, upepo unapeperusha pazia. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu." Alikuwa amepika mwenyewe, wali na samaki wa kupaka, ananiambia nikae, nisishike kitu, leo mie ni mgeni.

Akachukua sahani kutoka kwenye rafu. Nyeupe, ya udongo, imefungwa gazeti. Akaifungua, akaisuuza, akaifuta kwa kitambaa, na alipoigeuza nikaona karatasi ya dukani bado imebandikwa chini.

"Hii ya kwako, dada. Hakuna aliyewahi kuilia. Niliinunua uliposema unakuja, ili usile kwa wasiwasi."

Hakuisema kwa kunisimanga. Angenisimanga ningejua pa kushika. Aliisema kama mtu anavyokusogezea kiti. Tonge la kwanza nikalisukuma kwa maji.

"Mie ningekula hata kwenye yako," nikasema.

"Aah, dada, mie nakujua," akasema, akatabasamu, akaendelea kula kwenye sahani yake ya kijani.

Tulipomaliza alinikataza kuosha. Akatoa mabeseni mawili nje ya mlango, akachuchumaa, akakunja mikono ya shati. Ana dodoki, hana sponji. Akaosha glasi yangu kwanza, akaosha kijiko changu, akaosha ile sahani nyeupe mbele na nyuma, akavisuuza, akaviingiza ndani. Akarudi, akamwaga maji yote. Ndipo akatia maji mengine, akaingiza sahani ya kijani peke yake.

Nilimtazama na machozi yananitoka. Pale anaishi mwenyewe. Hana mke, hana mtoto, kifua chake kimepona zaidi ya miezi mitatu sasa. Nilijiuliza anamkinga nani.

"Mbona unaitenga?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo, kama vile hakuwahi kuulizwa wala kujiuliza. "Nimezoea tu, dada. Mkono unakwenda wenyewe."

Nikashuka pale chini kwenye maji, nikamshika mkono wenye povu. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, nilikukosea, nesi aliniambia na nikaziba masikio. Akashtuka, akaanza kunifuta machozi kwa mkono mkavu. "Dada, usiseme hivyo. Wewe ndiye uliyenilisha. Bila wewe mie leo nisingekuwepo." Na ni kweli nilimlisha. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuliona lile lingine.

Alinisindikiza mpaka kivukoni. Nikamwambia Idi hii sitaki kusikia sababu, aje kwangu, tukae sinia moja kama zamani. Akasema InshaAllah. Watu walishaanza kupanda, nami nimeshaaga, aliposogea karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, watu wasisikie.

"Nije na sahani yangu?"

"Usije na kitu!" nilimwambia, kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Njoo wewe." Akaitikia kwa kichwa haraka haraka, kama mtu anayekubali ili yaishe.

Idi ikafika. Alikuja na kanzu yake nyeupe, amepaka mafuta mazuri, na mkononi ana mfuko. Alipopita mlangoni mfuko uligonga fremu, nikasikia mlio wa bati. Vyombo navijua kwa sauti.

"Nimekuja nayo tu, dada, nisije kuwapa kazi," akasema.

Nikaichukua. Nilimwita binti yangu alete rangi yake ya kucha, nikaigeuza ile sahani, nikaitia doa jekundu mbele ya macho ya mwenyewe, nikaisimamisha kichanjani katikati ya nyingine zote ikauke. Mume wangu akapiga makofi. Mdogo wangu akacheka, nami nikacheka, nikadhani basi, yamekwisha.

Tukakaa mkekani, sinia katikati, mvuke wa pilau unapanda. Binti yangu akaleta birika na beseni la kunawia, akaanza na mjomba wake kwa kuwa ndiye mgeni. Akanawa. Akasugua viganja, akapitisha kidole kati ya kidole na kidole, akasugua kucha, akapanda mpaka juu ya kifundo, akarudia tena viganja. Sisi tunangoja. Binti yangu anamimina, ananiangalia, anamimina. Hakuacha mpaka birika likaisha, ikabidi mtoto akajaze lingine la baba yake.

Tulipokwisha kunawa wote, mdogo wangu akapeleka mkono kwenye sinia. Alimega pembeni kabisa, mbele yake, tonge dogo kama la mtoto anayefundishwa kula. Akalishika hivyo, hajalipeleka mdomoni, akainua macho akaniangalia mie kwanza.