Swali la Mchanga Nimelikalia ili Nimkomoe Aliyeniacha

Admin, nifichie jina, na mradi pia usiutaje. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nina mtoto mmoja, nakaa Garsen. Baba yangu ni Mpokomo na mama yangu ni Muorma, kwa hiyo lugha zote mbili nazijua tangu utotoni, na sasa ndizo zinazonilisha. Niseme mapema kabisa: sikuja hapa kuombewa nipate moyo wa kusamehe.

Ninayemsema ni baba ya mtoto wangu, tumwite Baba Rahma. Alipokuwa chuo cha uuguzi, mimi ndiye niliyelima shamba letu la Idsowe peke yangu na mimba tumboni. Alipopata kazi Hola, akaniona takataka. "Wewe hata kuongea mbele ya wageni hujui," akaniambia. "Utanitia aibu." Talaka ikaja kwa simu nikiwa nanyonyesha, na muda si mrefu akamwoa mwuguzi mwenzake. Rahma hata sura ya babake haijui vizuri.

Miaka ikapita, ukaja huu mradi mkubwa wa kufundisha wahudumu wa afya wa jamii, kaunti kadhaa kwa pamoja. Wakaleta mtathmini, mama mmoja mtulivu kutoka Nairobi, naye akanichukua niwe mkalimani wake. Siku ya kwanza naingia ukumbini, nani mkufunzi wa upande wetu? Baba Rahma! Mimi nilicheka kimoyomoyo, nikasema leo umeingia mikononi mwangu.

Kumbe sikuielewa ile kazi. Nilidhani tathmini ni kama mtihani, mtu akishindwa anafukuzwa. Hii si hivyo. Huyu mama haji mwisho wa mradi kutoa maksi. Yuko nasi mradi ukiendelea, anawasikiliza waliofundishwa, halafu kila mwezi tunakaa kikao, yanasemwa yaliyokwama, na mafunzo yanabadilishwa hapo hapo.

Wanawake wa Kiorma waliponiambia Baba Rahma anaongea mbio na kuchanganya Kizungu, niliyapeleka maneno yao kikaoni bila kupunguza chumvi. Nilitaka aaibike mbele ya mke wake, ambaye pia ni mkufunzi. Mtathmini akauliza tu, "Haya, tubadilishe nini?" Mwezi uliofuata jamaa anafundisha polepole, kwa picha, na wanawake wanampigia makofi. Nikaleta lingine, kwamba anawaita saa za kukamua ng'ombe. Akahamisha saa, ukumbi ukajaa. Yaani kila ninapomchoma, ananawiri! Sasa wakubwa wanataka kumfanya mkuu wa wakufunzi wote, na mwezi ujao kuna siku ya wageni Hola, ambapo atafundisha somo lake mbele ya viongozi na wafadhili. Nilikosa usingizi kwa hasira.

Somo lenyewe ni la mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Anamwaga maji mekundu juu ya kanga, anawaambia, "Kanga mbili zikilowa, msingoje, mkimbizeni hospitali." Wiki iliyopita tulienda kijiji kimoja cha wafugaji. Mtathmini alikuwa ametoka kwenda kuzungumza na chifu, nimebaki mimi na mama mmoja mhudumu, nitamwita Mama Halima. Akaniambia kwa Kiorma, "Mwalimu ni mzuri. Lakini huku kwetu mzazi tunamlaza juu ya mchanga, na mchanga unakunywa damu. Hiyo kanga italowa saa ngapi? Tutajuaje kama imezidi? Binti yangu anajifungua karibuni. Muulize mwalimu, uniletee jibu."

Wenzangu, nilisisimka. Wataalamu wote wale, hakuna aliyeliona hilo. Mtathmini aliporudi akaniuliza, "Kuna lolote jipya?" Nikasema hakuna. Jioni Baba Rahma mwenyewe akanifuata garini, mpole kabisa. "Wamesemaje safari hii, Mama Rahma?" Nikamjibu, "Wamesema uko sawa. Usibadilishe kitu." Alifurahi, akanishukuru. Hajawahi kunishukuru tangu nimjue.

Mpango wangu ni huu. Mama Halima amealikwa siku ya wageni. Nitakaa karibu naye, na Baba Rahma akishamwaga maji yake mekundu, nitamnyanyua huyu mama aulize swali lake, nami nitalitafsiri neno kwa neno kwenye kipaza sauti. Ababaike mbele ya wafadhili. Wakubwa wajue amewafundisha wanawake kitu kisichowafaa. Dera nitakalovaa nimeshalichagua. Raha nitakayoisikia siku hiyo, hamuwezi kuielewa kama hamjawahi kuachwa kwa simu.

Lakini Mama Halima ananipigia. Mara ya kwanza aliuliza, "Mwalimu amejibu?" Nikamwambia bado, ana kazi nyingi. Leo asubuhi kapiga tena, binti kaanza kuumwa kiuno na bibi yake ameshaingiza mchanga nyumbani. "Sasa mwalimu anasemaje?" Nikamwambia mtandao mbaya, nikakata.

Najua mtasema nimwambie tu ampeleke hospitali. Nikimwambia hivyo ataniuliza kwa nini, nikimweleza atajua jibu la swali lake, na siku ya wageni hatakuwa na la kuuliza. Nikimwambia mtathmini, kesho somo litarekebishwa, na Baba Rahma atapanda cheo kwa mdomo wangu mimi. Siwezi kulimeza hilo. Nawaapia, siwezi.

Kwa hiyo nipeni ushauri, ila msinihubirie habari za kusamehe, hilo sikuuliza. Nauliza nitamkomoaje huyu mwanamume bila huyu binti kunifia mikononi. Na mnijibu upesi, maana simu inaita tena, ni Mama Halima.