Mbegu za Mama Nilizila Mimi

Mbegu za mama yangu nilizila mimi. Nasema wazi, maana mtaani kwetu hapa Kamina wanapenda kusema zililiwa na panya. Panya gani! Ni mimi, kwa meno yangu haya, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni.

Kwetu mahindi ya mbegu hayakai guniani. Mama alikuwa anayachagua yakiwa bado yamesimama shambani, anayafunga mawili mawili kwa maganda yake, anayaning'iniza juu ya mafiga mpaka moshi uyafanye meusi. Mdudu hayagusi. Wala hayauzwi. Mwanamke akikosa mbegu anaingia jikoni kwako, anaomba, unampa, na siku ukiharibikiwa wewe unakwenda kwake, naye hawezi kukunyima. Hivyo mbegu ya mama ilifika hadi Kabondo-Dianda, kwa mdogo wake.

Kisha wakaja watu wa mradi na mbegu zao zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, pamoja na mbolea ya mifuko. Walitafuta mwanamke anayejua kusoma na mwenye mdomo. Nani mwingine? Wakanipa tisheti, wakanipakia garini, nikazunguka vijiji hadi Kabondo-Dianda nikihubiri: mahindi peke yake, kwa mstari, bila maharage katikati, bila maboga. Na zile mbegu nyeusi za jikoni achaneni nazo. Nilikuwa na maneno, jamani! Mama, aliyekuwa anachanganya vitu sita katika shamba moja, nilimcheka mbele za watu. Nikamwambia shamba lake limekaa kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Naye akacheka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Mwaka ule tulipanda ya mradi shamba zima. Mahindi yakiwa bado mabichi, yamenipita kimo, wakubwa wa mradi wakasema wanakuja kuyaona. Unga ulikuwa umekwisha, mama yuko kwenye matanga huko Mulongo. Mgeni anakulaje bila bukari, ugali wetu? Nikapanda juu ya kiti, nikayashusha yale meusi yote, nikayapeleka kinuni. Nilijiambia hatutayahitaji tena.

Mama aliporudi aliangalia juu ya mafiga, kisha akaniangalia.

"Na mwaka kesho tutapanda nini?"

"Ile ya mradi, mama. Tutachagua makubwa."

Mavuno yalikuwa mengi, siwezi kudanganya. Nikachagua makubwa, nikayafunga mawili mawili, nikayatundika kwenye moshi kama alivyonifundisha. Msimu uliofuata yakaota, moja refu, moja fupi, lingine limebeba kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Agronomu, bwana shamba wa mradi, alicheka mpaka akashika tumbo. Mbegu hii hairudiwi kupandwa, akaniambia, kila mwaka inaletwa mpya. Inaletwa na nini? Na gari la moshi, pamoja na mbolea yake. Mume wangu anafanya kazi kwenye reli. Ukimuuliza gari linafika lini anakujibu, "Labda." Na udongo wetu ulikuwa umekwisha kuzoea ile mifuko. Bila mbolea, mahindi yakawa ya manjano, ardhi ngumu inarudisha jembe. Nilikuwa nimefungwa, na kamba nilileta mwenyewe.

Mwaka huu, baada ya misa, parokia ikatuletea mwalimu wa kilimo kingine. Anakiita agroekolojia. Changanyeni mimea, akasema. Maharage yakae chini ya mahindi yalishe udongo, majani yaozeshwe, majivu msitupe. Mama akanigusa kwa kiwiko.

"Njo ile yangu?"

"Njo ile, mama, ndiyo hiyohiyo."

Nilitaka kupiga vigelegele palepale kanisani. Halafu mwalimu akasema msimu huu tuanze na mbegu yetu wenyewe, ile inayorudiwa. Kila mama alete konzi moja.

Mume wangu akaniombea nafasi kwenye gari la mizigo, nikaenda Kabondo-Dianda. Mama mdogo alinipokea vizuri, akanikalisha jikoni. Juu ya mafiga yake palikuwa na moshi tu.

"Mama mdogo, minyi nakuya kuomba mbegu."

"Mbegu gani, mutoto wangu? Si njo weye ulikuya huku, ukatuambia tuiache? Bamama bote tulikusikia. Tulisaga, tukakula."

Hakunigombeza. Ningalipenda anigombeze, anitukane hata, nipate kulia. Akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi Kamina mvua ilikuwa imeanza. Ndani lilibaki beseni moja la mbegu za rangi ya waridi, zile za mradi. Nikasimama nalo shambani, moyo mzito, nikiona aibu hata kumtazama mama. Yeye akachimba shimo la kwanza.

"Panda. Mvua haikungoji weye."

Nikadondosha punje. Ng'ambo ya njia, majirani zangu, walewale niliowahubiria, walikuwa wamesimama na mabeseni yao ya mbegu hiyohiyo wakinitazama. Walipoona mkono wangu umefunguka, wote wakainama wakaanza kupanda.

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Msipande!"

Mmoja akainuka, mkono kiunoni, akaniuliza kwa heshima kabisa.

"Tungoje nini, mama?"

Nikatazama punje za waridi mkononi mwangu. Akainama tena.