Kona ya Maharagwe

Asubuhi ya mwisho Navalayo alifagia kona. Alifanya hivyo kila siku, hata siku za mvua. Alichukua ufagio wake wa vijiti, akatoka nyuma ya jikoni, akafagia kile kipande cha udongo kilicho kati ya nyumba yetu na lami, pale barabara inapopinda. Kijana wa bodaboda alipunguza mwendo, akamsalimu mulembe, akamwuliza huwa anamfagilia mgeni gani. Alimjibu kwamba anamfagilia yeye, ili siku akianguka na hiyo pikipiki aangukie mahali safi. Akarudi ndani. Akaonja chai niliyopika, akasema ni maji yaliyosalimiana na majani. Nikacheka. Kabla ya saa saba alikuwa amejilaza kitandani, na hakuamka.

Sijui namna ya kumsifu mtu. Nitaeleza tu kwa nini barabara hii inapinda. Vijana wanaita hapa Kona ya Maharagwe, wanadhani kulikuwa na mama aliyeuza chakula. Hakuna aliyeuza kitu hapa.

Navalayo alitoka upande wa Shinyalu. Nilimwoa mwaka wa sitini. Wakati huo Mukhonje, hapa kwetu, haikuwa mji. Mji wa Kakamega uliishia kwenye kijito kule chini. Ng'ambo kulikuwa na ofisi na nyumba za mabati. Upande wetu ulikuwa mahindi, migomba, nduma na njia za miguu. Mimi nilipasua mbao msituni pamoja na jirani yangu Cleophas, kwa msumeno wa watu wawili, yeye juu, mimi shimoni. Navalayo alilima.

Mwaka wa sitini na moja alijifungua. Mtoto aliishi siku tisa. Nilikuwa msituni, na niliporudi Jumamosi nilikuta ameshazikwa. Kwetu siku zile mtoto ambaye hajaota meno hakuzikwa na wanaume. Mama yangu Beldina na wanawake wengine wawili wazee walimchukua alfajiri, wakamlaza nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Hakuwekewa tuta wala jiwe. Mwanamume hakuonyeshwa mahali, naye hakuuliza. Na mama wa mtoto alikatazwa kupaonyesha mbele ya wanaume, maana ilisemekana akifanya hivyo tumbo lake halitashika mwingine. Aliyemkataza Navalayo ni mama yangu.

Mimi nilikula, nikalala, Jumatatu nikarudi shimoni.

Uhuru ukaja. Tulicheza ngoma siku tatu. Kisha mji ukaanza kutembea. Mwaka wa sitini na saba chifu wetu, Shitanda, aliita baraza akatuambia kwamba mpaka umevuka kijito, na kuanzia siku hiyo sisi ni watu wa mji. Cleophas aliuliza kama ng'ombe wake naye ni wa mji na kama atatakiwa kuvaa viatu. Shitanda akamjibu kwamba ng'ombe atavipata kabla yake. Watu wakacheka sana. Tuliahidiwa barabara pana, mfereji wa maji, shule, zahanati. Tulivitaka vyote. Navalayo aliyataka maji kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyabeba kichwani kutoka kijitoni, na wakati huo alikuwa na mimba. Ilikuwa ya kwanza kushika tangu yule mtoto.

Akaja mpima ardhi, Kibiwott, mtu mpole mwenye kofia ya kahawia. Alisema barabara haitapita juu ya kaburi la mtu yeyote. Kila mwenye boma asimike kijiti chenye kitambaa cheupe penye makaburi yake, naye atakwepa. Wanaume tulimshukuru. Mimi nilisimika viwili, cha baba na cha babu. Kibiwott akatembea nami hadi nyuma ya nyumba, akauliza huku je. Nikamwambia hakuna kitu, ni migomba tu.

Sikusema uongo. Ndivyo tulivyohesabu. Aliyekufa bila meno hakuwa na kaburi, alikuwa amerudi alikotoka tu. Kibiwott aliandika. Mimi sikusoma, kwa hiyo nikaweka kidole.

Navalayo alikuwa mlangoni mwa jikoni akimenya viazi. Kisu kilisimama. Sikukisikia tena.

Siku mbili hakusema neno. Alipika, akaniwekea chakula, akatoka. Siku ya tatu aliniambia niende kwa Kibiwott nikamwambie. Nikamwuliza nikamwambie nini. Mwanamume aende ofisini kusema habari za mtoto wa siku tisa? Kule shimoni wangenicheka hadi Krismasi. Tena nikasema neno ambalo lingali mdomoni mwangu mpaka leo. Nilimwambia atapata mwingine, si anaye huyo tumboni.

Alikwenda mwenyewe kwa Shitanda. Shitanda alimwambia hayo ni mambo ya wanawake na karatasi zimeshapita, akamrudisha. Mama yangu aliposikia alikuja mbio. Alimkalisha chini, nami nikiwa pale.

"Ukionyesha pale mbele ya wanaume," alimwambia, "hiyo mimba ikitoka usije kunililia."

Navalayo alishika tumbo.

Wiki tatu zilipita hivyo. Kila asubuhi nilisikia tingatinga likisogea kutoka upande wa kijito, boma moja hadi jingine. Usiku nililala nikiuhesabu umbali. Yeye pia hakulala, nilijua kwa pumzi zake.

Lilifika kwetu Jumanne. Sikwenda msituni siku hiyo, sijui kwa nini. Lilikuwa limeshapita nyuma ya nyumba ya Cleophas. Udongo wake ulikuwa mwekundu, umegeuzwa wote, na migomba imelala. Dereva, Maina, aliligeuza kuelekea migomba yetu. Mama yangu alikuwa amemshika Navalayo mkono mlangoni. Navalayo akautoa mkono ule taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayevua bangili. Akaingia jikoni. Alitoka na kigoda na ungo wa maharagwe. Akatembea hadi kwenye migomba, miezi sita ya mimba mbele yake, akaweka kigoda, akakaa, akaanza kuchambua.

Maina alipiga honi. Alimwita Navalayo mama, akamwambia hapo ni barabara, jikoni ni kule. Watu waliokuja kutazama wakacheka. Navalayo hakuinua macho. Tingatinga likasogea, likasimama hatua nne kutoka magotini mwake, likinguruma. Ungo ulikuwa ukitetemeka. Sikujua kama ni mashine au ni yeye.

Kibiwott alikuja na karatasi, na Shitanda nyuma yake. Kibiwott aliisoma kwa sauti: mwenye boma amesema ni migomba tu. Akawaonyesha watu kidole changu cha wino. Wote wakanigeukia.

"Patroba," Shitanda akasema, "mtoe mke wako. Usituaibishe mbele ya wageni."

Nilikwenda. Nakumbuka hatua zile. Nilikwenda kumtoa, sitajisifu. Nilipoinama kumshika bega niliona mikono yake. Alikuwa akitupa maharagwe mazima chini na mabovu akiyaacha kwenye ungo. Mwanamke yule hakuwahi kuharibu punje ya chakula. Hakuwa anaona anachofanya.

Nikasimama. Nikamwambia Kibiwott nilikosea, hapa kuna kaburi.

Shitanda aliuliza la nani.

Nilifungua mdomo. Sikuwa na jina. Miaka sita, na sikujua kama mwanangu alipewa jina. Hata kama alikuwa wa kike au wa kiume, niliambiwa mara moja nikiwa nakula, nikasahau. Honi ya Maina ilikuwa imenyamaza, na watu walikuwa wakingoja. Ndipo Navalayo akasema, bila kuacha kuchambua:

"Mliuliza wanaume. Huyu hakuzikwa na mwanamume."

Mama yangu alifunika uso kwa leso.

Jescah, mke wa Cleophas, akatoka nyumbani kwake na ungo. Hakuja kwetu. Alikwenda nyuma ya nyumba yake, kwenye ule udongo mwekundu uliokwisha kugeuzwa, akatafutatafuta mahali kwa miguu, akakaa. Cleophas alimtazama kama mtu aliyepigwa. Mbele yetu, kwenye maboma ambayo tingatinga lilikuwa bado halijafika, wakatoka wengine watatu, kila mmoja na ungo wake, kila mmoja nyuma ya nyumba yake. Hakuna aliyenyoosha kidole. Walikaa tu.

Kibiwott alivua kofia. Akamwambia Maina azime mashine. Yeye mwenyewe aling'oa vigingi vyake, akavisimika upya upande wa shamba, kutoka kwetu hadi mwisho wa kilima. Nilipoteza mistari sita ya mahindi. Ndiyo sababu barabara inapinda hapa, na tena kule kanisani, na tena kwenye tangi la maji.

Kwa Jescah haikupinda. Ilikuwa imeshapita. Hadi alipozeeka hakukanyaga kipande kile. Akienda sokoni alikatiza ndani ya boma letu, na Navalayo alimwachia mlango wa ua wazi.

Mji uliendelea kuja. Mfereji ulifika mwaka wa sitini na tisa, ukiwa na foleni na matusi yake. Ikaja shule, zikaja taa, zikaja nyumba za kupanga, tukaitwa kata, tukaitwa manispaa. Watu waliokuja kupanga hawatujui na hawana haja. Wanalalamika tu kwamba kona ni kali.

Miezi yote mitatu iliyobaki nilimtazama Navalayo akitembea kana kwamba amebeba mtungi uliojaa. Mama yangu alilala nyumbani kwetu, akimkataza kuinama. Onesmus alizaliwa mwezi wa Novemba, akalia hadi kwa Cleophas wakasikia. Mama alimpokea kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hakumkataza Navalayo neno.

Lakini nilitaka kusema habari za jioni ile ya Jumanne. Jua lilikuwa bado lipo. Tingatinga limeondoka, watu wameondoka. Navalayo aliokota yale maharagwe mazima kutoka chini, akayaosha, akawasha moto. Mimi nilikaa kizingitini. Mwisho nikamwuliza mtoto aliitwa nani.

Alipuliza moto kwanza. Kisha akanijibu, na neno lake ni hili, sikuongeza wala sikupunguza:

"Anaitwa Mideva. Nimemlilia miaka sita peke yangu. Leo lia wewe, mimi nipike."