Kiingereza cha Kukataa Kushuka Shimoni

Nilipomaliza chuo cha ualimu Unguja, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, niliamini kabisa kwamba dunia nzima imekaa kitako ikiningoja niilishe Kiingereza. Wenzangu wawili walipata nafasi ya kwenda ng'ambo, yaani Uingereza. Nami nikapata ng'ambo yangu: Geita, Tanganyika. Mama alilia kama anayezika mtu. Baba aliuliza tu kama huko kuna mchele.

Nilisafiri kwa meli, kisha gari moshi, kisha lori, nimevaa suti nyeupe ili watu wajue wanapokea msomi. Nilipofika, vumbi lilikuwa limeigeuza suti nyekundu, na karani aliyenipokea akanipa pole akidhani natoka kuchimba.

Wakubwa wangu wa elimu walikuwa wameniazimisha kwa mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, niwafundishe wanyapara. Bwana mkubwa wa mgodi alikuwa Kaburu, mtu mnene wa kaptura na soksi ndefu, aliyechoka kurudia amri zake mara tatu.

"Wafundishe kusikia," aliniambia. "Kusema si lazima."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ni mzaha.

Darasa letu lilikuwa ghalani, kila alasiri baada ya kazi. Siku ya kwanza nilisimama mbele nikingoja wanafunzi waniamkie, kama tulivyofundishwa chuoni. Wao nao wakaningoja mimi, kwa kuwa hata aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa rika la mjomba wangu. Tukatazamana weee. Mwisho nikasema, "Shikamooni."

"Malahaba, mwalimu," wakajibu kwa pamoja, na ukubwa wangu ukaishia hapo hapo.

Nilikuja na kitabu kizuri sana. Kilimhusu Mwingereza mwenye bustani, paka, na mke aliyepaka mkate siagi ukurasa baada ya ukurasa. Wiki ya pili mnyapara mkuu, Msukuma mwenye mvi na sauti ya upole, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu bwana hafanyi kazi?"

"Anafanya."

"Wapi?"

Kitabu hakikusema.

"Basi mwache apumzike na paka wake. Sisi tufundishe ya shimoni. Mtu akiumwa, anasemaje? Mbao ikivunjika, anasemaje?"

Nikakubali. Msinifanye shujaa, mimi mwenyewe paka yule alikuwa amenichosha. Tukaanza kujifunza mguu, kichwa, jiwe, maji, hatari. Watu ambao kwa wiki mbili hawakuweza kutamka siagi walilishika neno hatari siku moja.

Mwezi wa tatu mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi yake nilikuwa napita na sahani tupu kwenda kuomba chaki, nikakuta wanyapara na watu wao wamesimama kwenye mdomo wa shimo la zamani. Bwana mkubwa alikuwa anawaamuru washuke. Mnyapara mkuu akavua kofia, akapiga hatua moja mbele, akasema kwa Kiingereza, taratibu:

"Hatushuki, bwana. Mbao zinazoshikilia mwamba zimevunjika. Ni hatari."

Mtu mwingine pale angeogopa, au angeona fahari kwa ujasiri wa wale watu. Mimi nilifurahi kwa sababu hakukosea wingi hata mara moja. Nilikaribia kupiga makofi.

Bwana mkubwa akageuka, akaniona na sahani yangu ya chaki.

"Nani amewafundisha haya?"

"Mimi, bwana."

"Nilikwambia kusikia!"

Ningependa kuandika hapa jibu kali nililompa. Nilisema, "Samahani, bwana," tena kwa matamshi safi kabisa.

Wao hawakuomba samahani. Waliketi chini, wote, wakamtazama. Baada ya kufoka sana akamtuma msaidizi wake, Mzungu kijana, ashuke kuangalia. Hakukaa huko muda mrefu. Alipanda juu kwa haraka kuliko alivyoshuka, uso umempauka, akamnong'oneza mkubwa wake. Zikatafutwa mbao mpya. Hazikuwa mbali: zilikuwa ghalani, na ndizo tulizokuwa tumezikalia tangu somo la kwanza.

Shimo likatengenezwa kwa siku mbili. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeshukuriwa. Darasa likafungwa kwa sababu ya upungufu wa viti. Mimi nikapewa barua ya kusifu bidii yangu, pamoja na uhamisho wa kwenda Didia, upande wa Shinyanga, kufundisha watoto wa darasa la kwanza, ambao inasemekana walinihitaji zaidi.

Siku ya kuondoka mnyapara mkuu alikuja kwenye lori na kuku hai. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema kwa Kiingereza:

"Nenda salama, mwalimu. Tutakukumbuka jana."

"Kesho," nikamsahihisha. "Tutakukumbuka kesho."

Naam, nilimsahihisha. Mtu mzima aliyeokoa roho za watu kwa sentensi tatu amekuja kuniaga, nami namrekebishia jana na kesho.

"Kesho," akarudia bila kinyongo. "Wabeja, mwalimu."

Shukrani yake ya Kisukuma nikaijibu kwa Kiswahili, maana Kisukuma sikukijua. Lori likaondoka. Nilikaa juu ya magunia ya pamba, kuku mapajani, nikijitukana kimoyomoyo mpaka Shinyanga mjini. Didia nilikaa miaka minne. Nyumbani niliandika kwamba nimepandishwa cheo.